Je, Wajua? Roboti ya Kufagia Ikifika Picha ya Ndege

Je, wajua kwamba roboti ya kwanza ya kufagia nyumba kuuzwa madukani ilitoka Sweden? Kampuni ya Electrolux iliiingiza sokoni mwaka 2001, ikaiita Trilobite, nayo ilipapasa njia kwa mwangwi wa sauti kama popo. Watu wa Kibaha si wageni kwa Sweden. Nchi hiyo, pamoja na Denmark, Finland na Norway, ndizo zilizoanzisha mwaka 1963 mradi uliokabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, huu tunaouita leo Shirika la Elimu Kibaha. Tulipata shule, tukapata chuo cha wakulima na kituo cha afya kilichokuja kuwa Hospitali ya Tumbi. Roboti yenyewe imetufikia kwa njia nyingine: tangazo la kwenye simu, video ya sakafu inayong'aa, na bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu.

Je, wajua kwamba bei hiyo mpya, kwa zile za daraja la chini, mara nyingi huangukia kati ya dola 100 na 200? Ukibadilisha kwa shilingi 2,500 ni kati ya 250,000 na 500,000, na hapo bado usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Sasa swali la leo: kwa nyumba ya Picha ya Ndege, hapa Kibaha pembeni ya Barabara ya Morogoro, kitu hiki kinafaa kununuliwa au ni urembo wa sebuleni? Msimamo wangu nautoa mapema, asiye na muda aendelee na shughuli zake. Jibu liko kwenye sakafu yako na mlango wako kabla halijafika kwenye roboti. Mwenye sakafu ya tailizi na utaratibu wa kuvua viatu mlangoni anaweza kununua asijute. Mwenye mchanga unaoingia na kutoka kama wa nyumbani, fagio bado linamtosha.

Je, wajua kwamba ukinywa dafu kwa mrija uliosimama wenye urefu wa sentimita 20, kinywa chako kinavuta kwa karibu paskali 2,000? Kila sentimita moja ya maji unayoipandisha inadai karibu paskali 98. Piga hesabu mwenyewe. Halafu chukua boksi la roboti ya bei ya chini usome ubavuni: 2,000 Pa, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Hewa inayotuzunguka hapa pwani inatugandamiza kwa paskali kama 101,325, kwa hiyo hata ile inayojitapa kwa 5,000 haijafika asilimia 5 ya hapo. Tena namba hiyo hupimwa mdomo wa mashine ukiwa umezibwa, hewa haipiti. Pale chini kwenye tailizi kinachobeba mchanga ni wingi wa hewa inayopita na brashi inayokwangua, mambo mawili ambayo boksi limeyanyamazia. Muuzaji akianza na paskali, mwache amalize, kisha mwombe aigeuze mashine uone brashi.

Wajua mchanga wenyewe ni nini? Picha ya Ndege, kama sehemu kubwa ya Kibaha na vijiji vya Kisarawe, imekaa juu ya kichanga, na mchanga huo kwa sehemu kubwa ni kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10, kwatzi ina 7. Kioo cha dirisha kinazunguka kwenye 5 na nusu. Gia za plastiki ndani ya roboti ya bei chee ziko mbali sana huko chini. Mashine hizi zilifikiriwa kwa ajili ya uchafu wa vyumba vya ghorofani: nywele, makombo ya mkate, manyoya ya paka. Kichanga kinachoingia kwenye ekseli ya gurudumu dogo hufanya kazi ya msasa, taratibu, na dalili ya kwanza ni mlio wa kukereketa ambao watu hudhani ni betri inaisha.

Halafu kuna uzito. Tangi la vumbi la roboti nyingi za bei hiyo lina ujazo wa mililita 300 hadi 500. Likijaa manyoya ya paka halina uzito wowote. Mililita 400 za mchanga mkavu zinakaribia gramu 640, na kijimashine chenye magurudumu ya kichezeo kinazibeba huku kinapanda ukingo wa zulia.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla hujagusa simu kutuma hela. Fagia sebule na korido siku ya kawaida, siku watoto wameenda shule na kurudi, wala usichague Jumapili yenye utulivu. Kilichozolewa kwenye kizoleo kimimine kwenye kikombe cha chai. Kikiishia kwenye kitako cha kikombe, roboti ina kazi ya kufanya na itaimudu. Kikijaa, basi utakuwa unaifungua na kuimwaga kila baada ya mzunguko mmoja au miwili, na kwa mwendo huo ungekuwa umeshamaliza kufagia. Kikombe hicho kina ukweli kuliko maoni ya wanunuzi wa nchi ambazo theluji ndiyo inayoletwa na viatu.

Je, wajua kwamba tailizi ambazo roboti inazipenda zinatengenezwa mkoa huuhuu wa Pwani? Twyford wana kiwanda Chalinze, mbele yako kwenye barabara hiyohiyo ya Morogoro, na Goodwill wako Mkuranga. Na upande wa Kisarawe, kwenye vilima vya Pugu, kuna kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kwenye vyombo na vigae vya kauri. Mkoa mzima, ukipenda, unajiandaa kwa ajili ya roboti bila kujua. Tailizi laini ndiyo uwanja wake wa nyumbani: magurudumu yanashika, brashi haizami, vumbi halina pa kujificha isipokuwa kwenye mistari ya grauti.

Sakafu ya sementi iliyopigwa nili vizuri na bado ina mng'ao, sawa, itaiweza. Sementi iliyoanza kuchimbika ni hadithi nyingine, kwa sababu yenyewe ndiyo inayozaa vumbi. Utafyonza leo, kesho utafyonza sakafu.

Kapeti ya plastiki iliyojikunja pembeni? Roboti itaingia chini yake, itoe kelele, inyamaze. Mkeka ni hivyohivyo. Brashi ya pembeni inadaka ncha za ukili na kuzifumua. Kunja mkeka kwanza.

Je, wajua kwamba tailizi nyeusi zinaweza kuifanya roboti ijione iko ukingoni mwa shimo? Chini ya tumbo lake kuna vihisio vinavyotoa mwanga wa infraredi na kusubiri urudi. Mwanga usiporudi, mashine inaamini hapo pana ngazi, inageuza. Rangi nyeusi tii inaumeza mwanga huo. Kuna watu waliorudisha roboti dukani wakisema ni mbovu kwa sababu haitaki kuingia jikoni, kumbe jikoni pana tailizi nyeusi za fasheni.

Wajua urefu wa kizingiti chako? Nyingi za bei ya chini hupanda sentimita moja na nusu hadi mbili, zaidi ya hapo zinagonga na kugeuka. Chukua rula ya mtoto wa shule uzunguke nyumba. Pima milango, pima ile ngazi ndogo ambayo fundi aliiacha kati ya sebule na korido akidai ni ya kuzuia maji. Ukimaliza pima uvungu wa makochi na kitanda. Roboti nyingi zina kimo cha sentimita 8 hadi 10, na uvungu wa kitanda ndiyo sehemu pekee ambayo naikubali bila ubishi kuwa inamzidi mtu. Fagio linafika huko kwa shida, mgongo unafika kwa shida zaidi. Kama makochi yako yamekaa chini kabisa, au yana vile vitambaa vya kuning'inia, faida hiyo umeshaipoteza kabla ya kununua.

Je, wajua kwamba kampuni ya Marekani iRobot, iliyoanzishwa mwaka 1990 na watu watatu wa chuo cha MIT, iliuza Roomba yake ya kwanza Septemba 2002 kwa karibu dola 200, na mwaka huohuo roboti zake nyingine aina ya PackBot zilikuwa zinapekua mapango Afghanistan? PackBot hizohizo ziliingia kwenye kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, mahali ambapo binadamu asingethubutu. Binamu yao wa sebuleni anashindwa na uzi wa khanga.

Mmoja wa watatu hao, Rodney Brooks, alikuwa na wazo lililowaudhi wenzake miaka ya 1980: roboti haina haja ya ramani ya dunia kichwani, ijibu tu inachokigusa, kama mdudu. Wazo hilo ndilo lililoishusha bei. Roboti za chini kabisa sokoni bado zinaishi hivyo. Inakwenda, inagonga mguu wa meza, inageuka kwa pembe yoyote, inakwenda tena. Ukiiangalia utadhani imelewa, na ukiiacha kwa saa nzima itakuwa imepita mahali pamoja mara nyingi na kona moja haijaiona kabisa. Daraja la juu kidogo lina jairoskopu, kile kifaa kinachojua imegeuka kiasi gani, kwa hiyo inatembea kwa mistari kama mtu anayekata nyasi kwa mpangilio. Juu zaidi kuna leza inayozunguka ndani ya kile kitufe kinachochomoza mgongoni. Kampuni ya Neato ndiyo iliyoiweka kwenye roboti ya nyumbani mwaka 2010. Ushauri wangu hapa hauna kona: kama hela haifiki ile inayotembea kwa mistari, subiri. Ya kugonga-gonga kwenye nyumba ya vyumba vitatu itakuchosha kwa kuitazama tu.

Je, wajua roboti inakula umeme kiasi gani? Swali hili huulizwa kwa wasiwasi mkubwa, na ndilo lenye jibu jepesi kuliko yote. Betri ya kawaida ni ya volti 14.4 na mAh 2,600, yaani wati-saa kama 37. Ongeza unaopotea kwenye chaja, weka uniti 0.05 kwa chaji moja kamili. Mteja wa TANESCO wa kundi la T1, anayelipa karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, atatumia shilingi 18. Wa kundi la D1, ambaye uniti zake 75 za mwezi zinamgharimu karibu shilingi 122 kila moja, atatumia shilingi 6. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inameza uniti moja, sawa na chaji 20 za roboti.

Kinachokula zaidi ni kituo chake cha kuchajia kikiachwa kwenye soketi usiku na mchana. Kikivuta wati 3 tu, kwa mwezi ni uniti 2 na kidogo, kupita hata kazi yenyewe ya kufagia kila siku, ambayo ni uniti moja na nusu. Zima soketi ikishajaa. Umeme ukikatika roboti inaendelea na safari yake kwa betri. Shida ni kwamba baadhi ya zile zisizo na akili nyingi zikikuta kituo kimezimika zinakitafuta mpaka zinaishiwa nguvu chini ya kabati.

Je, wajua kwamba betri hiyo ya lithiamu kwa kawaida huhesabiwa mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji kabla haijachoka sana? Ukifagia kila siku ni kama miezi 10 hadi 16. Joto linaipunguzia umri, na joto la Kibaha mwezi wa Februari halihitaji kuelezwa. Usiiweke chini ya dirisha la magharibi.

Ndugu aliye Muscat au Dubai akitaka kukuletea, soketi zao ni za pini tatu bapa kama zetu na umeme wao hauna tofauti ya maana na wetu. Wa Marekani anatoka kwenye volti 120, wa Japani 100, hao wasome lebo ya chaja: kama imeandikwa 100–240V, salama. Betri za lithiamu zisizozidi wati-saa 100 zinaruhusiwa kwa abiria wa ndege, ila iliyotolewa kwenye mashine husafiri kwenye mzigo wa mkononi na si kwenye begi la chini.

Je, wajua kwamba roboti inaweza kuishi muda mrefu kuliko kampuni iliyoitengeneza? Neato, hao wa leza, walifungwa na mmiliki wao wa Ujerumani, Vorwerk, mwaka 2023. Wateja wakaahidiwa kwamba huduma ya mtandaoni ingeendelea kwa angalau miaka mitano. Mwaka 2025 ikazimwa, na mashine za watu zikabaki za kubonyeza kitufe kwa kidole. Roomba nayo haikupona: Amazon walitangaza Agosti 2022 kuinunua iRobot kwa dola bilioni 1.7, wakaachana nayo Januari 2024 baada ya wadhibiti wa Ulaya kuweka ngumu, na Desemba 2025 iRobot ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi na kuangukia mikononi mwa Picea, kampuni ya Shenzhen iliyokuwa inaitengenezea roboti zake. Kama jina kubwa hivyo limeyumba, sijui utasema nini kuhusu jina la herufi tano ulilolikuta juzi kwenye tangazo.

Kwa hiyo programu ya simu ichukulie kama pambo. Nunua yenye kitufe mgongoni na rimoti. Nyingi za bei ya chini zinashika waifai ya GHz 2.4 peke yake, na nyumba inayoishi kwa bando la simu haina waifai ya kuiachia roboti mchana kutwa wakati simu yenyewe imeenda kazini na mwenyewe.

Wajua kwa nini ya bei rahisi ina heri moja ambayo ya bei ghali haina? Haina jicho. Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kwamba picha zilizopigwa na roboti za majaribio za iRobot ndani ya nyumba za watu, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivujishwa mitandaoni na vibarua waliolipwa kuzipa picha hizo alama. Mwaka 2024 roboti za Ecovacs zenye kamera na spika zilidukuliwa Marekani zikawa zinawatukana wenye nyumba. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini kuidai haki mbele ya seva iliyo ng'ambo ni safari. Ile isiyoona, hadithi hizi haziihusu.

Je, wajua kwamba mwaka 2015 huko Changwon, Korea Kusini, mwanamke aliyelala sakafuni alishtuka roboti yake imemeza nywele zake, na ikabidi kikosi cha uokoaji kije kumnasua? Wakorea wana mazoea ya kulala chini. Na sisi mchana wa joto tunajinyoosha kwenye tailizi zenye ubaridi. Roboti iliyopangiwa kuanza saa nane mchana yenyewe haijui kama bibi amepumzika hapo.

Na kuku. Kuna mtu wa Arkansas, Marekani, aliyepata umaarufu mwaka 2016 kwa kueleza jinsi roboti yake ilivyokutana usiku na kinyesi cha mbwa ikakisambaza nyumba nzima. Nyumba ya Picha ya Ndege ambayo kuku wanapita sebuleni kuelekea uani, naomba niishie hapo.

Wajua ni nani hasa atakayekuwa anaihudumia? Roboti inafagia sakafu, na wewe unaifagia roboti. Igeuze baada ya siku chache za kazi. Katikati kuna brashi ndefu ya mviringo. Bana vishikizo viwili vya pembeni uitoe. Kwenye ncha zake, pale inapoingia kwenye tundu, utakuta pete nyeusi iliyokaza kama mpira. Hiyo ni rasta. Nywele za bandia za kusukia hazikatiki kama nywele za kichwani: zinajizungusha, zinabana, brashi ikijipasha joto zinalainika na kushikana, na motisha yote ya kumiliki mashine ya kisasa inaisha ukiwa umechuchumaa barazani na wembe. Ndani ya pete utakuta uzi wa khanga, njiti ya kiberiti na kale ka-pini ulikokatafuta mwezi mzima. Kata kwa uangalifu, zungusha, vuta. Gurudumu la mbele nalo linang'oka kwa kuvutwa. Lipige chini utoke mchanga. Chujio ligonge-gonge nje, upande upepo unakokwenda. Kama maelekezo hayakusema linaoshwa, usilioshe. Likioshwa na kurudishwa bichi, na unyevu huu wa pwani, litaota ukungu na mashine itakuwa inapuliza harufu ya shuka lililosahaulika kwenye ndoo.

Neno HEPA juu ya chujio lisikutie wazimu. Kwa kiwango cha Marekani chujio linalostahili jina hilo linakamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Kwenye mashine ambayo hewa inapenya kila kiungo cha plastiki, chujio zuri linafanya kazi ya mlinzi wa geti kwenye kiwanja kisicho na ukuta. Mwenye pumu ndani ya nyumba atapata nafuu fulani kwa kutofagiliwa kavu mbele ya pua, na nafuu hiyo naihesabu.

Kwa kweli pumu ina nafasi yake kwenye historia hii. Je, wajua kwamba kifyonza vumbi cha kubebeka cha umeme kilibuniwa Ohio, Marekani, na James Murray Spangler, msafishaji wa jengo la duka aliyesumbuliwa na pumu kwa vumbi la mazulia? Alipata hataza mwaka 1908, na aliyeinunua kazi yake aliitwa Hoover. Kabla yake, mwaka 1901, Mwingereza Hubert Cecil Booth alikuwa na mashine iliyovutwa na farasi: inaegeshwa barabarani, mipira mirefu inapitishwa dirishani. Wazungu walianza kufyonza vumbi kwa sababu ya mazulia yaliyogongomelewa sakafuni ukuta hadi ukuta. Sisi hatukuwa nayo.

Sisi tuna uwanja. Jambo hili sijaliona kwenye tangazo lolote: sehemu inayofagiwa zaidi kwenye nyumba nyingi za Kibaha iko nje. Alfajiri maji yananyunyizwa ili vumbi litulie, fagio la chelewa linapita, mistari inabaki kwenye mchanga kama imechorwa kwa chanuo, majani ya mwembe yanarundikwa pembeni. Roboti ya shilingi 300,000 haitoki mlangoni. Ukihesabu kwa dakika, kazi inayokutoa jasho asubuhi itabaki palepale.

Kudeki? Baadhi zina kitambaa nyuma na tangi la maji la mililita 200 au 300. Ndoo ya kudekia ina lita 10 na bado tunabadilisha maji mara mbili. Inapaka unyevu, haideki; kwenye sakafu yenye kichanga kilichosalia inatengeneza tope jembamba lenye mistari. Kipengele hicho usikilipie hata mia.

Je, wajua kwamba Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa asiyeishi hapo? Nataja kwa sababu kuna wauzaji wanaoimba kwamba roboti itakuondolea gharama ya dada. Dada anapika, anafua, anapokea mtoto kutoka shule, anajua gesi imeisha kabla yako. Roboti ya 375,000 inafagia, basi, na ikikwama inamwita dada. Kama hela ipo na nia ni kumpunguzia mzigo, mnunulie kwanza mashine ya kufulia. Kufua ndiko kunakomuumiza mgongo kweli.

Anayefaa kununua namjua. Muuguzi wa zamu za usiku aliyepanga vyumba viwili vya tailizi, anayerudi asubuhi hana nguvu za kuinama. Mzee anayeishi peke yake, kiuno kimegoma, mjukuu anakuja wikiendi na anaweza kuisafisha brashi. Nyumba ya paka. Mfanyakazi wa Dar anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni na kurudi usiku, madirisha yakiwa yamefungwa kutwa. Hao wote wana kitu kimoja: vumbi lao ni jepesi na linakuja polepole.

Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, madirisha ya nyavu, bodaboda zinapita, watoto sita na mlango wazi toka asubuhi, haina haja. Kwa sehemu ndogo ya hela hiyo weka mikeka miwili ya miguu, mmoja mkavu mgumu nje na mwingine laini ndani, na kibao cha viatu barazani. Mchanga mwingi utaishia hapo.

Ukiamua kwenda nayo, iwe Kariakoo au duka la Maili Moja, nenda na chumvi ya kijiko kimoja kwenye karatasi. Mwombe muuzaji aiwashe, mwaga chumvi kwenye tailizi, nusu katikati na nusu kwenye kona ya ukuta. Ya katikati lazima iishe kwa kupita mara mbili. Ya kona itabaki kidogo, roboti ni ya duara na kona ni kona. Ikibaki yote, brashi ya pembeni inarusha badala ya kukusanya. Kisha uliza bei ya brashi, chujio na betri za spea, na kama vipo hapohapo dukani. Waranti iandikwe kwenye risiti, pamoja na nani anayeitengeneza. Na kama ni mtumba ulioletwa bila kituo chake cha kuchajia, hata ukiambiwa "bosi, chaja zipo nyingi mtaani", mwache nao.